Mbwa Mdogo Kwenye Nyumba Yenye Watoto: Faida na Hasara za Kufuga Teria

  

Leo hatuzungumzi kuhusu malaria wala kuhara. Tunazungumza kuhusu mbwa. Tena si mbwa yeyote, bali yule mbwa mdogo mchangamfu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, ambaye anaonekana katika mitaa mingi ya miji yetu. Mbwa wa aina hii huitwa teria.

Huenda ukauliza, muuguzi ana haja gani na mbwa? Haja yangu ni hii. Watoto ndio wanaomlilia mama awanunulie mbwa mdogo, na watoto hao hao ndio wanaoumwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, karibu 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Na kuna mazoea mabaya tuliyo nayo. Mtoto akiumwa na mbwa mkubwa wa jirani, ploti nzima hukimbia naye hospitalini. Akiumwa na mbwa mdogo wa nyumbani, watu husema, "Hako ni kambwa tu, hakana neno." Neno hilo ni la hatari, na ndilo ninalotaka tuliondoe midomoni mwetu leo. Lakini sikuja kukutisha. Mbwa ana faida zake, nasi tutazipima pande zote mbili.

Kwanza, teria ni mbwa wa namna gani? Jina lenyewe lina asili ya neno la Kifaransa lenye maana ya ardhi. Mbwa hawa walifugwa Uingereza ili waingie mashimoni kuwatoa mbweha, panya na wanyama wengine waharibifu. Anayejulikana sana ni Jack Russell, aliyepewa jina la kasisi John Russell aliyeishi kule Devon kati ya mwaka 1795 na 1883. Huyu ana uzito wa kilo 5 hadi 8 hivi, na kimo cha sentimita 25 hadi 30. Kuna pia Yorkshire, mwenye manyoya marefu, ambaye hufikia kilo 3 hivi tu, na ambaye zamani alitumika kukamata panya viwandani. Hata teria awe mdogo namna gani, damu yake ni ya mwindaji. Ukilikumbuka hilo, utaelewa uzuri wake na udhia wake pia.

Sasa tuzitaje faida.

Faida ya kwanza ni ulinzi. Teria hawezi kumwangusha mwizi, lakini ana masikio makali. Mtu akigusa lango usiku, utaamshwa. Kwa mama anayelala peke yake na watoto, hilo si jambo dogo.

Faida ya pili, anakula kidogo. Mbwa wa kilo 6 hawezi kumaliza sufuria yako ya ugali kama mbwa mkubwa. Hata dawa zake za minyoo hupimwa kwa uzito, kwa hivyo gharama hupungua.

Faida ya tatu ni panya. Teria wengi huwafukuza panya bila kufundishwa. Lakini tahadhari, mama. Panya huweza kubeba leptospirosisi, ugonjwa unaodhuru ini na figo, ambao humpata mbwa na binadamu pia. Kwa hivyo mbwa akiua panya, usimwache amle. Uchukue mzoga kwa karatasi ya plastiki, uutupe kwenye choo cha shimo au uufukie, kisha unawe mikono kwa sabuni. Na kama unatumia sumu ya panya nyumbani, usitegemee mbwa pia. Atakula panya aliyekula sumu, au aile sumu yenyewe.

Faida ya nne ni urafiki. Mtoto wa miaka 8 au 10 anayepewa kazi ya kumwekea mbwa maji kila asubuhi hujifunza kuwajibika. Mzee anayeshinda peke yake nyumbani hupata mwenzake na sababu ya kutoka nje kutembea. Teria akitunzwa vyema huishi miaka 13 na zaidi, kwa hivyo anaweza kukua na mtoto wako.

Lakini miaka hiyo 13 ndiyo pia mwanzo wa hasara. Ukimchukua leo mtoto wako akiwa darasa la kwanza, mbwa atakuwa bado yupo mtoto akimaliza sekondari. Jiulize, ni nani atamlisha watoto wakienda shule za bweni?

Hasara ya kwanza ya teria ni nguvu zake. Watu hudhani mbwa mdogo anatosha chumba kidogo. Sivyo. Teria wa aina ya Jack Russell anahitaji karibu saa moja ya kutembea na kucheza kila siku. Akifungiwa nyumbani au kwenye kibanda kuanzia asubuhi hadi jioni, atabweka bila kukoma, atachimba shamba lako la sukuma wiki, atatafuna viatu vya shule, na hasira zake zitaongezeka. Wengi wanaosema mbwa wao ni mkali wana mbwa aliyechoshwa na kufungiwa.

Hasara ya pili ni majirani. Kuku wa jirani ni windo kwa teria. Bodaboda anayepita ni windo pia, na mbwa akimkimbilia, mwendeshaji huweza kuanguka na abiria wake. Kama umepanga nyumba, muulize kwanza mwenye ploti. Wapo pia majirani ambao dini yao inawataka waepuke mate ya mbwa. Hao wanastahili heshima, kwa hivyo usimwachie mbwa wako akimbie kwenye veranda zao au kulamba vyombo vyao. Aidha, kaunti kadhaa zina sheria za leseni ya mbwa. Uliza katika ofisi ya kaunti yako kabla hujaleta mbwa nyumbani.

Hasara ya tatu ni kwamba teria hana subira na mikono ya watoto. Hapa, mama, tega sikio. Mtoto wa miaka miwili anaona mbwa mdogo kama mwanasesere. Anamvuta mkia, anamkumbatia shingoni, anamnyang'anya mfupa, anamlalia. Mbwa mkubwa mpole anaweza kuondoka zake. Teria mara nyingi hujitetea kwa meno. Na kwa kuwa mtoto anacheza naye sakafuni au amembeba kifuani, meno hufika usoni, mdomoni na vidoleni. Jeraha la usoni kwa mtoto ni hatari zaidi kuliko la mguuni, kwa sababu virusi vya kichaa huwa karibu na ubongo.

Kwa sababu hiyo, ukiwa na mtoto wa chini ya miaka mitano, ushauri wangu ni usilete teria kwanza. Subiri mtoto akue. Kama tayari unaye, basi shika kanuni hizi. Usimwache mtoto mdogo peke yake na mbwa hata dakika moja, hata unapoenda kuchota maji kwenye mfereji. Weka lango dogo au kizuizi mlangoni. Wafundishe watoto kwamba mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto wake haguswi. Wasimbusu, wala wasimwinamie usoni.

Wafundishe pia lugha ya mbwa. Kabla hajauma, mbwa huonya. Mwili wake hukakamaa, mkia husimama wima au kufichwa, weupe wa macho huonekana, midomo huinuka, na mara nyingi hunguruma. Wapo watu wanaompiga mbwa kwa sababu ya kunguruma. Usifanye hivyo. Kunguruma ni onyo. Mbwa akichapwa kila akionya, atajifunza kuuma bila kuonya. Mwondoe mtoto taratibu, kisha utafute ni nini kilichomuudhi mbwa.

Mbwa asiyejulikana akimjia mtoto njiani, mtoto asikimbie wala asipige mayowe. Asimame kama mti, mikono imefumbatwa kifuani, macho yakitazama chini. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe na kufunika shingo na masikio kwa mikono. Mwonyeshe nyumbani, ajaribu mara kadhaa, aone ni mchezo. Siku ya hatari mwili utakumbuka.

Sasa tufike kwenye magonjwa.

Tuanze na minyoo. Watoto wa mbwa huweza kuzaliwa tayari wakiwa na minyoo ya duara waliyoipata tumboni mwa mama yao. Mayai yake hutoka na kinyesi na kukaa kwenye udongo kwa muda mrefu. Mtoto anayekula udongo, au anayecheza chini kisha akala bila kunawa, huyameza. Mabuu hutembea mwilini, na yakifika kwenye jicho huweza kumharibia mtoto uwezo wa kuona. Kinga yake haina ugumu. Mbwa mdogo hupewa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili ya maisha yake, kila baada ya wiki mbili hadi atakapofika wiki 12 hivi, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na baada ya hapo kila miezi 3. Daktari wa mifugo atakupa kipimo. Kinyesi kiokotwe kila siku na kufukiwa au kutupwa chooni.

Kuna mnyoo mwingine ambao wasikilizaji wa Turkana wanaujua vizuri. Huu huleta uvimbe wenye maji katika ini au mapafu ya binadamu, na Turkana ni mojawapo ya sehemu za dunia zilizosumbuliwa sana na ugonjwa huo. Mbwa huupata kwa kula viungo vibichi vya kondoo, mbuzi au ng'ombe, kama vile maini na mapafu yenye uvimbe. Kwa hivyo sikukuu ikifika na mbuzi akichinjwa, usimtupie mbwa matumbo na mapafu mabichi. Chemsha, au ufukie.

Kuna pia viroboto, kupe, upele na mapunye. Mtoto akianza kujikuna au nywele kukatika kwa viduara, mlete kliniki, na mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hizo hizo. Ukimtibu mmoja na kumwacha mwingine, ugonjwa utarudi. Na kama mtoto wako ana pumu, usidanganywe na muuzaji anayesema teria huyu haleti mzio. Kinacholeta mzio kimo kwenye mate na magamba ya ngozi ya mbwa, na hakuna aina ya mbwa isiyo na vitu hivyo. Mpeleke mtoto akae na mbwa wa rafiki mara kadhaa kwanza, uone kifua chake kitakuwaje.

Sasa lile kubwa kuliko yote: kichaa cha mbwa.

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa kwenye mate. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna dawa ya kumponya wakati huo, wala ya hospitali wala ya mitishamba. Lakini kabla dalili hazijaanza, chanjo huzuia kabisa. Dalili kwa kawaida huanza miezi miwili au mitatu baada ya kuumwa, ingawa zinaweza kuanza baada ya wiki moja au kukawia hadi mwaka. Ndiyo maana mtu hudanganyika. Kidonda kimepona, mtoto anacheza, mama anasahau. Kumbe virusi viko safarini kuelekea ubongoni.

Je, mbwa mdogo anaweza kuwa na kichaa? Ndiyo, sawasawa na mbwa mkubwa. Je, mtoto wa mbwa wa miezi miwili anaweza? Ndiyo, kama aliumwa na mnyama mwenye ugonjwa. Je, mbwa wa bei ghali anayelala kwenye zulia anaweza? Ndiyo, kama hajachanjwa na hupenyeza chini ya lango kwenda kupigana na mbwa koko. Na teria, kwa ule uchimbaji wake, hupenya.

Basi shika hatua hizi, mama. Ikiwezekana, ziandike na uzibandike ukutani.

Hatua ya kwanza, osha. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, osha kidonda papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Kama hakuna mfereji, mtu ammiminie maji kwa jagi. Dakika 15 ni nyingi, kwa hivyo tazama saa. Kuosha huku huondoa na kuua virusi vingi.

Hatua ya pili, usipake kitu. Usipake pilipili, mafuta ya taa, tumbaku, majivu, manyoya ya mbwa yaliyochomwa, wala udongo. Usikifunge kidonda kwa kukaza, wala usikubali kishonwe haraka kabla ya kuonwa na mhudumu anayefahamu mambo ya kuumwa na mbwa.

Hatua ya tatu, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Zahanati nyingi hazina chanjo hii, kwa hivyo uliza mapema ni hospitali gani iliyo karibu nawe inayo. Ulize leo, kabla ya siku ya shida. Kama mbwa alilamba ngozi isiyo na kidonda, kuosha kunatosha. Kama ni mkwaruzo mdogo au kung'atwa bila damu kutoka, chanjo inahitajika. Kama ngozi imetoboka na damu imetoka, au mate yameingia kwenye kidonda, jicho au mdomo, basi pamoja na chanjo huhitajika dawa nyingine ya kinga inayodungwa kwenye kidonda na kukizunguka. Chukua pia kijitabu cha kliniki cha mtoto, ili tuangalie chanjo yake ya pepopunda.

Hatua ya nne, maliza dozi. Zile hadithi za sindano 21 za tumboni ni za chanjo za zamani. Siku hizi sindano ni chache, na hudungwa mkononi, au pajani kwa mtoto mdogo. Utapewa tarehe za kurudi. Kurudi mara moja na kuacha si kujikinga.

Hatua ya tano, mbwa asiuawe kwa hasira. Kama ni mbwa anayejulikana na inawezekana bila hatari, afungiwe na achunguzwe kwa siku 10, na daktari wa mifugo ajulishwe. Akibaki mzima siku hizo zote, daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Lakini usingoje siku 10 ziishe ndipo uanze chanjo. Anza kwanza, kisha mchunguze mbwa. Akibadilika tabia, akishindwa kumeza, akidondokwa mate, sauti ikibadilika, au taya likilegea, kaeni mbali naye na mwite ofisa wa mifugo. Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Wengine hujificha gizani wakiwa wanyonge tu.

Jambo la mwisho katika hili ni kinga. Mbwa hupewa chanjo ya kichaa akifikisha miezi mitatu, au mapema kama kuna kampeni ya chanjo mtaani, na hurudiwa kila mwaka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, huadhimishwa tangu mwaka 2007, na katika sehemu nyingi huwa kuna chanjo ya mbwa karibu na siku hiyo. Sikiliza matangazo ya chifu na ya kaunti yako.

Kama baada ya haya yote bado unamtaka teria, mchague vizuri. Asiwe chini ya wiki 8. Usimnunue kando ya barabara kwa kumwonea huruma, kwani hutajua ametoka wapi. Omba kuona mama yake, na omba kadi ya chanjo yenye muhuri wa daktari. Panga bajeti ya chakula, chanjo, dawa ya minyoo na ya viroboto, na kumfunga uzazi. Mbwa jike asiyefungwa uzazi hupata joto mara mbili hivi kwa mwaka, hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na watoto wake wasio na mwenyewe ndio wanaokuwa mbwa koko wa kesho.

Kwa ufupi, mama, teria anafaa nyumba yenye ua uliozibwa vizuri, yenye watoto wakubwa kidogo, yenye mtu wa kumtembeza kila siku, na yenye pesa za chanjo kila mwaka. Nyumba isiyo na hayo, si aibu kumwambia mtoto, "Bado, tungoje." Mtoto atalia leo, kesho atasahau.

Kabla hujazima redio, naomba ufanye mambo mawili. Kama una mbwa, tafuta kadi yake ya chanjo uangalie tarehe. Kama huna mbwa, jirani anaye, kwa hivyo wafundishe watoto wako kusimama kama mti. Na siku mtoto atakapokuja kwako akificha kidole kwa kuogopa kuchapwa, kwa sababu kambwa ka nyumbani kamemng'ata, usimchape. Mshike mkono, mpeleke penye maji, chukua sabuni, na uanze kuhesabu dakika 15.